Faili Liko Ileje

Watu wengi wakisikia nafanya kazi ya kompyuta hospitalini hudhani adui yangu ni virusi. Hapana. Miaka yangu ya mwanzo adui yangu alikuwa Jumatatu.

Jumatatu ndiyo siku ambayo wagonjwa waliovumilia homa zao Jumamosi, wakaenda nazo kanisani Jumapili, huamua kwamba sasa basi. Ikifika saa mbili asubuhi mabenchi yamejaa na foleni imetoka nje ya mlango. Dada wa mapokezi anaandika jina la mgonjwa, anabonyeza, halafu anakaa kuitazama kompyuta. Kompyuta nayo inamtazama. Dakika inapita, ya pili inapita, kisha anageuka na kutoa ile sauti niliyoichukia kuliko sauti zote duniani: "Mfumo umegoma!" Hapo mabenchi yote yanageukia dirisha langu, kana kwamba aliyegoma ni mimi.

Hospitali yetu ni ya kanisa, haiko mbali na Mpemba, na mimi ndiye mtunza kumbukumbu na ndiye fundi wa kompyuta, kofia mbili kwenye kichwa kimoja. Nimezaliwa huku huku Mbozi kwa wakulima wa kahawa, na tangu utotoni nina ugonjwa wa kupanga vitu. Mama akinituma chumvi jikoni nilikuwa nachelewa, kwa sababu nikikuta sufuria zimechanganywa nilianza kuzipanga kwa ukubwa. Nilichapwa kwa hilo na sikuacha. Basi nilipokabidhiwa kanzidata ya hospitali, nilijua mapema shida iko wapi.

Seva yetu ilikuwa na diski moja, ya kasi, ndogo na ya bei mbaya. Humo ndani kila kitu kiliishi pamoja. Mtoto aliyepimwa malaria jana alikaa bega kwa bega na mzee aliyefungwa plasta ya mguu zamani za kale na hakurudi tena. Ubaya zaidi, hospitali ilipoanza kutumia kompyuta, watu wenye nia njema walipiga picha makaratasi yote ya zamani na kuyamwaga humo: mafaili yenye madoa ya chai, mafaili yaliyotafunwa na panya, mafaili ya watu ambao hata majirani walishawasahau. Kila Jumatatu dada wa mapokezi alipotafuta jina moja, mashine ilibidi ipite katikati ya umati huo wote.

Nikaenda kwa mganga mfawidhi na wazo langu. Tununue diski zile kubwa za mtindo wa zamani, zinazozunguka. Ni nzito, ni za polepole, lakini ni pana na bei yake hainyongi mtu. Kila ambaye hajaonekana hapa kwa miaka mitano, taarifa zake zihamie huko. Kwenye diski ya kasi wabaki wale wanaokuja kweli.

"Na hao wa zamani wakija?" akauliza.

"Watasubiri kidogo, daktari."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Hapo nilimpiga chenga. Ili vitu vyote vienee nilikuwa nimepanga kuvifunga kwa mabunda, kila mwaka bunda lake, na kulikandamiza bunda mpaka liwe dogo. Maana yake ni kwamba ukimtaka mtu mmoja wa mwaka fulani, lazima uufungue mwaka mzima, na diski zenyewe tulizipanga zilale zisipohitajika ili zisile umeme bure. Kuziamsha, kufungua bunda, kutafuta, kulinakili faili: hesabu saa tatu, siku mbaya saa nne. Sikumwambia kwa sababu nilijua atakataa, nami nilikuwa nimechoka kutazamwa na mabenchi.

Diski zilikuja, nikaziweka kwenye chumba kilichokuwa cha kutunzia mashuka, kwa kuwa kina ubaridi na hakivuji. Wiki mbili nzima nilihamisha. Jumatatu iliyofuata nilisimama nyuma ya dada wa mapokezi nikijifanya natafuta kalamu. Akaandika jina, akabonyeza, faili likafunguka kabla hajaondoa kidole. Akabonyeza tena kuhakikisha. Saa nne asubuhi foleni ilikuwa imerudi ndani ya mlango, na hakuna aliyesema mfumo umegoma. Nilifurahi, jamani. Nilikwenda kantini nikanywa chai na chapati mbili na sikumweleza mtu sababu.

Chumba kile cha diski kilikuja kuitwa Ileje, na jina hilo ni langu, siwezi kumsingizia mwingine. Tuna muuguzi wa wodi ya wanawake ambaye kwao ni Ileje, wilaya jirani ya milimani, na hapitishi siku bila kutukumbusha. Maji ya Ileje ni matamu, hewa ya Ileje ni safi, milima ya Ileje haina mfano. Siku moja daktari alitaka faili la mgonjwa wa zamani, akauliza mbona halionekani. Muuguzi alikuwa amesimama pale. Nikajibu, "Hilo liko Ileje, daktari. Mpaka lishuke milima yote ile, tuvute subira."

"Ileje si mbali," muuguzi akanirudishia. "Ninyi watu wa tambarare ndio hamna miguu."

Watu wakacheka, na jina likashika. Ndani ya mwezi mmoja madaktari wakawa wanaandika kwenye vikaratasi: "Ileje, tafadhali." Mama wa usafi alinipa taarifa kwamba ameshafagia Ileje na amekuta mjusi. Hata mganga mfawidhi, ambaye si mtu wa mzaha, aliniuliza kwenye kikao kama Ileje bado ina nafasi. Muuguzi alijifanya kukasirika, lakini niliona anapenda kwao kutajwa kila siku. Nami nilijiona mjanja sana.

Kisha ikaja timu ya madaktari wa macho. Walikuja kwa siku tatu kutoa mtoto wa jicho, na watu walimiminika kutoka kila upande. Siku ya pili asubuhi, kama saa nne hivi, mama mmoja wa makamo alifika dirishani kwangu. Alishika kizingiti kwa mikono miwili, uso wake umeelekea pembeni kidogo ya bega langu. Nikamwamkia, akaitikia kwa Kinyiha kwanza halafu kwa Kiswahili, akanipa karatasi ya daktari wa macho. Iliandikwa kwamba mgonjwa anasema aliwahi kuzimia kwa sindano ya ganzi katika hospitali hii. Taarifa za upasuaji huo zitafutwe, na bila hizo asipangwe. Orodha ya mwisho inafungwa leo saa kumi na mbili jioni.

"Walinipasua uvimbe hapa shingoni," akaniambia. "Ilikuwa ule mwaka niliozaa kitinda mimba wangu, na sasa yuko sekondari. Wakanidunga ganzi, nikaenda. Nilipoamka nilijua damu yangu haitaki ganzi. Lakini mwanangu, safari hii naomba wajaribu. Jicho la kulia limefunga. La kushoto linaniletea vivuli. Kahawa inaiva, na wake wa wanangu wanasema nachuma mbichi na mbivu pamoja. Wamenitoa shambani kwangu mwenyewe, nakaa nyumbani kulinda kuku."

Nikaandika jina lake. Faili la upasuaji ule halikuwepo kwenye diski ya kasi, na nilijua halitakuwepo. Nyuma ya yule mama, akipita na sinia la dawa, alikuwa muuguzi wetu wa Ileje. Sikujizuia.

"Mama, faili lako liko Ileje," nikasema, nikimkonyeza muuguzi juu ya kilemba cha yule mama.

"Ileje?"

"Ileje, mama. Huko huko milimani."

Muuguzi akanionyesha ngumi, nikacheka bila sauti.

"Na ninalihitaji leo," yule mama akasema.

"Ileje hawana haraka, mama. Tuvute subira."

Akanishukuru. Nakumbuka alinishukuru. Nikageukia kompyuta, nikaenda chumba cha mashuka, nikaziamsha diski. Hunguruma taratibu kwanza kisha zinachanganya, na sauti ile huwa inanipendeza kama ya mashine ya kusaga inapowashwa kijijini asubuhi. Nikaanza kulifungua bunda la mwaka ule.

Ilipofika saa saba mchana nilikuwa nalo. Picha ya karatasi ya njano, mwandiko wa kalamu ya wino wa bluu. Uvimbe umeondolewa, nyuzi nne. Chini yake muuguzi fulani wa wakati ule, sijui ni nani na sijui yuko wapi, alikuwa ameongeza mstari kwa herufi ndogo: mgonjwa alizimia kabla sindano haijachomwa. Ametembea kwa miguu tangu alfajiri, hajala tangu jana. Amepewa chai ya sukari, amepata nafuu, ganzi imechomwa baadaye bila shida.

Nilisoma mara mbili. Hakukuwa na damu inayokataa ganzi. Kulikuwa na njaa. Nikalichapa, nikatoka mbio kwenda mabenchini nikiita jina lake.

Hakuitika mtu. Nikaita tena. Mwanamke aliyekuwa ananyonyesha akaniuliza, "Yule mama wa macho? Ameondoka kitambo. Amesema faili lake liko Ileje na ninyi hamna haraka, basi analifuata mwenyewe."

Nilikaa pale pale kwenye benchi kati ya wagonjwa, karatasi mkononi, na kama kuna siku nimeutamani ububu ni ile. Mama asiyeona ila vivuli, nimempandisha gari kwenda wilaya nyingine kufuata kitu kilichokuwa hatua thelathini kutoka aliposimama. Namba ya simu iliyokuwa kwenye faili jipya alilofunguliwa na timu ya macho ilikuwa ya mwanawe anayechimba dhahabu upande wa Galula, na haikupatikana. Nilipiga mara sita.

Nikaenda kwa muuguzi. Nilitegemea atanicheka, na ningeona afadhali. Hakucheka. Alinitazama, akatua sinia, akatoa simu yake. "Kuna wifi yangu anauza chai Itumba, huko Ileje, karibu na geti la hospitali," akaniambia, kisha akapiga na kumwelekeza wifi: "Mama wa kilemba cha kijani asiyeona vizuri. Atakuwa hapo, hana pengine pa kwenda."

Tulisubiri robo saa. Simu ilipolia, muuguzi alisikiliza kisha akanipa. Upande wa pili ilikuwa sauti ya dada wa kumbukumbu wa Itumba, na alikuwa amefura.

"Ninyi ndio mmemtuma huyu mama? Tangu afike nimepekua makabati matatu. Anasema ameambiwa kwa kinywa cha mtu wa kumbukumbu kwamba faili lake liko hapa. Mlilileta lini na nani alisaini?"

Nikamwomba radhi. Nikamwomba tena. Nikamwomba anipe nizungumze na mama.

"Mwanangu," yule mama akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha, hilo ndilo liliniumiza zaidi. "Nimefika. Wanasema hawalioni, lakini dada wa hapa ni mwema, anatafuta mpaka chini ya meza. Hebu mwelekeze, umesema liko kabati gani?"

"Mama, halipo huko. Liko hapa. Ninalo mkononi."

"Limesharudi?"

"Halikwenda popote, mama. Lilikuwa hapa siku zote."

Nilisikia pikipiki ikipita huko kwake.

"Si ulisema Ileje."

"Nilisema. Ni jina tu, mama. Ni jina la chumba."

"Chumba kinaitwa Ileje?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alikiita hivyo?"

"Ni mimi."

Akairudisha simu kwa mwenyewe bila kuniaga. Wifi wa muuguzi ndiye aliyetuambia kwamba kosta ya saa tisa bado haijaondoka na kwamba atampandisha yeye mwenyewe, amketishe mbele, na kumwambia dereva amshushe Mpemba njia panda.

Saa kumi na nusu nilikuwa nimeshasimama pale njia panda, faili ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba, mkoba kifuani. Malori ya kwenda mpakani yalikuwa yamejipanga kama kawaida, moja linasogea hatua mbili, yanayofuata yanasogea hatua mbili. Nilijaribu kupanga maneno ya kusema, na mimi wa kupanga vitu sikuweza kuyapanga. Kila kosta iliyotokea barabara ya Ileje niliikimbilia. Ya tatu ndiyo iliyomleta, saa kumi na moja na dakika kumi.

Nilimshika mkono akiwa ngazini.

"Wewe nani?"

"Ni yule wa dirishani, mama."

Akauchomoa mkono wake. Akasimama, akasikiliza injini za malori mbele yetu na nyuma yetu. Kisha akaurudisha. "Nishike," akasema. "Haya madude siyaoni."

Ndani ya bajaji nilimwomba msamaha, naye akavuta kanga yake mabegani. Basi nikafungua bahasha nikamsomea mstari ule mdogo, polepole. Nilipofika kwenye chai ya sukari akaniambia, "Rudia." Nikarudia.

"Hawakuwa wamenidunga?"

"Hawakuwa wamekudunga bado. Ulikuwa na njaa. Walikudunga baadaye na hukupata shida yoyote."

Tulipita vibanda kadhaa. "Miaka yote hii nimekataa kung'oa jino," akasema mwishowe. "Nimelala na jino linanipiga, nasema damu yangu haitaki ganzi. Mume wangu aliuza mbuzi ili nikatibiwe, nikakataa." Akagusa shavu lake. "Na bado linauma."

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili tulikuwa mbele ya daktari wa macho. Alisoma mstari ule akiwa amesimama, akauliza ni muuguzi gani aliandika vizuri namna hii, nikasema hatumjui. Akaandika jina la mama chini kabisa ya orodha. Halafu akamwambia muuguzi, "Huyu hakikisheni amekula."

Alilala wodini, wodi ya muuguzi wa Ileje, na nilisikia kwamba walizungumza sana usiku ule kuhusu mimi, na hakuna aliyeniambia walisema nini. Asubuhi akadungwa ganzi, akafanyiwa jicho la kushoto, akarudi kitandani kwa miguu yake mwenyewe akidai uji.

Siku hiyo hiyo nilianza kurekebisha mambo yangu. Nilikwenda kwa mganga mfawidhi nikamwambia kwamba kidogo maana yake ni saa tatu hadi nne, na ningepaswa kusema hivyo tangu mwanzo. Alinitazama juu ya miwani, akasema alishahesabu mwenyewe zamani. Tukakubaliana kwamba mafaili ya zamani yaendelee kukaa kwenye diski za polepole, kwani hakuna pengine pa kuyaweka na wala sioni aibu juu ya hilo. Ila kwa kila mgonjwa, hata asiyeonekana miaka ishirini, ubaki mstari mmoja kwenye diski ya kasi: alipasuliwa nini, dawa gani ilimkataa, dawa gani watu wanadhani ilimkataa. Ni herufi chache, hazijazi kitu. Imenichukua miezi kuipitia miaka yote, bunda kwa bunda, mchana nikiwa na nafasi. Nimekuta mengi humo, na siku nyingi nimefunga ofisi nikiwa mtu mwenye furaha kuliko nilivyoifungua. Nilitaka pia kulifuta lile jina. Muuguzi ndiye aliyekataa. Alisema nikitaka kuomba radhi niwaombe watu, milima ya kwao haijakosewa. Tukapatana kwamba mgonjwa aambiwe "stoo" na saa ngapi arudi, na Ileje tubaki nayo sisi wenyewe.

Mama yule alifunguliwa bandeji siku moja baada ya upasuaji, madaktari wa macho wakiwa wameshafunga vyombo vyao. Muuguzi alimtuma mtu aniite. Nilikuta amekaa ukingoni mwa kitanda, jicho jekundu linatoa machozi, anatazama mikono yake, anaigeuza. Akatazama dirisha. Akamtazama mgonjwa wa kitanda cha pili mpaka mwenyewe akaona haya. Nikasimama mlangoni nikamwamkia, na kwa sauti hiyo akageuka.

"Wewe ndiye wa Ileje?"

"Ndiye mimi, mama."

"Sogea."

Nikasogea. Alinitazama kuanzia nywele.

"Sema tena vile ulivyosema. Nikuone."

"Mama, jamani."

"Sema."

Muuguzi alikuwa nyuma yake, amesimama na sinia lake, ananitazama. Nikajikaza. Nikasema, "Mama, faili lako liko Ileje," na kabla sijamaliza mdomo ulishanishinda, ukatabasamu. Yule mama alinisogelea, jicho lake moja likinipitia usoni, kwenye mdomo, kwenye macho, likarudi kwenye mdomo.

"Kumbe," akasema, "ulikuwa unacheka."